Si Vinne, Ni Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemdanganya daktari. Aliniuliza, "Asio, unameza tramadol ngapi kwa siku?" Nikamwambia nne. Ni kumi.

Hili daftari ni lake. Daktari Nerima wa kliniki ya maumivu kule Busia alifungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akanisukumia mezani. "Kila siku uandike uchungu ni ngapi, sufuri mpaka kumi. Uandike umemeza nini na umefanya nini. Tarehe 6 Mei tutakaa chini na hili daftari, tuamue."

Mimi ni muuguzi. Nimezalisha kina mama miaka kumi na saba katika kituo chetu cha afya huku Chakol. Miaka minne iliyopita mama mmoja alizirai akishuka kitandani, nikamdaka. Yeye hakuumia, ila mgongo wangu ulilia, na mimi nikausikia ukilia. Nilipasuliwa Eldoret. Kidonda kilipona vizuri, uchungu ukabaki. Unaanzia kiunoni, unateremka mguu wa kushoto mpaka kisigino, unachoma mchana kutwa.

Daktari alinitajia njia tatu. Ya kwanza, niendelee na tramadol kwa kipimo kinachojulikana, nisipandishe. Ya pili, mofini ya maji, ile tunayowapa wenye saratani. Ya tatu, nipunguze hizi dawa kali polepole, nitumie amitriptilini kidogo jioni kutuliza mishipa, na mazoezi kila siku.

"Hakuna hata moja itakayokurudishia mgongo wa zamani," alisema. "Tunatafuta ile itakayokuacha uishi."

Kwa kuanza ameniandikia hiyo amitriptilini. "Kwa vile tramadol ni nne tu, hakuna shida." Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto mzuri.

Nne ndizo anazoniandikia. Sita nazinunua Malaba, kwenye duka la dawa lisilo na kibao, nyuma ya nyumba za kulala madereva wa malori. Mwenye duka ananiita sista na haniulizi kitu.

Basi hili daftari siwezi kumwonyesha. Labda niandike mawili.

Jumanne, 4 Machi

Uchungu 6. Kumi. Mvua imeanza kweli kweli.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilisimama misa nzima nimeshika benchi la mbele. Uchungu 7. Kumi. Padri alipotaja kufunga nilifikiria vile vidonge sita, halafu nikafikiria kitu kingine haraka.

Jumapili, 9 Machi

Uchungu 5. Amitriptilini inanipa usingizi, namshukuru Mungu. Mdomo umekauka kama nimelamba unga. Victor anasema siku hizi sigeukigeuki kitandani. Victor ni mume wangu, anashughulikia karatasi za mizigo forodhani Malaba. Leo malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji, na kwa sababu ya tope madereva wanagombania upande mkavu wa barabara.

Kumi.

Jumatano, 12 Machi

Robinson Egesa, tabibu wetu na msimamizi wa kituo, amenipa kazi ya kumtembelea Mzee Opolot nyumbani. Mzee alifanya kazi ya reli hapo Malaba mpaka akastaafu. Ana saratani ya tezi dume, imeingia kwenye mifupa. Nilimkuta ameuma pembe ya shuka. Hakupiga kelele hata kidogo. Mkewe, Mama Apio, alikuwa amekaa kando akimpepea na kipande cha katoni.

Anameza parasetamoli. Saratani ya mifupa, kwa parasetamoli!

Nilimwambia Mama Apio kuna dawa inaitwa mofini. Alisimama.

"Hiyo ndiyo walimpa dadangu kule Tororo. Siku tatu, akaenda."

"Dadako alikuwa anaenda, mama. Dawa ilimkuta njiani."

"Na ile kuzoea? Si watu wanakuwa wanaitaka kama pombe ya chang'aa?"

Nikamweleza vizuri, nimefundishwa kueleza. Nikamwambia mtu mwenye uchungu kama huu akipewa kwa kipimo, kwa saa, dawa haimfanyi mwizi. Mwili unaweza kuizoea, ndiyo, na ndiyo maana haikatwi ghafla. Ila kuzoea kwa mwili ni jambo moja, na kutawaliwa ni lingine. Nilisema maneno hayo yote nikiwa nimesimama mlangoni kwao, na vidonge vinne vya Malaba kwenye mfuko wa sare yangu.

Alisema atafikiria.

Ijumaa, 14 Machi

Uchungu 6. Kumi. Mama Apio hajakubali.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Apio amekubali. Hakukubali kwa sababu ya maneno yangu. Mzee alimwambia, "Apio, kama ni ya kuniua, niache nife nikiwa sijauma shuka."

Robinson alifungua kabati la dawa za hatari, tukaandika kwenye rejista, tukatia sahihi wawili. Dawa ina rangi kama ya juisi ya watoto. Nikambebea.

Jumatano, 19 Machi

Mzee Opolot amekaa nje! Amekaa kwenye kiti, chini ya paa la jikoni, mvua ikinyesha, anamenya karanga. Nilipofika alisema, "Sista, leo nimelala mpaka jogoo akaniaibisha." Amekula atap, ugali wetu wa wimbi, na samaki. Mama Apio alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Eyalama noi," akasema, asante sana, na akaenda jikoni haraka nisimwone akilia.

Nilirudi nikitembea kando ya barabara na sitaki kuandika nilichowaza. Nitaandika. Nilimwonea wivu mgonjwa wa saratani.

Uchungu 8. Kumi na moja.

Alhamisi, 27 Machi

Kumi na moja.

Jumanne, 1 Aprili

Mama mmoja alijifungua saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na kidogo. Nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo wa mtoto nikapotea. Nikaanza tena. Nikapotea tena. Mwanafunzi wa uuguzi aliniangalia, nikamwambia saa imesimama. Saa haikuwa imesimama.

Uchungu 5. Kumi na moja. Mtoto yuko sawa.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku hizi sijui kama vidonge vinaondoa uchungu au vinaondoa tu ile hali ya kukosa vidonge. Nimekaa na swali hili jioni yote. Angekuwa mgonjwa amekaa mbele yangu, ningemuuliza swali hili. Ningemuuliza kwa upole sana.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemtembelea Mzee. Anapenda kunieleza habari za treni za zamani, jinsi alivyokuwa anabadilisha reli kwa mkono ili hili gari liende Uganda na lile libaki. Kwa kipimo chake hasinzii. Shida yake ni choo, nimempa dawa ya kulainisha na kumwambia anywe maji. Kabla sijaondoka akaniangalia nilivyoinuka kwenye kigoda.

"Na wewe inakuuma wapi?"

"Mgongo, mzee."

"Unapewa hii yangu?"

"Hapana. Yangu si ya kuniua."

"Eh," akasema. "Hiyo ndiyo safari ndefu."

Jumanne, 15 Aprili

Duka la Malaba limefungwa. Wakaguzi walikuja asubuhi wakaweka kufuli na karatasi mlangoni. Nilisimama kama mpita njia. Dereva mmoja aliyekuwa hapo alisema, "Mama, hata mimi," akacheka. Nilimchukia kwa kunijua.

Nina zile nne za daktari kila siku, basi. Na akiba kumi na mbili.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Akiba imeisha, nilizimaliza kwa siku mbili kama mjinga.

Uchungu 8.

Ijumaa, 18 Aprili

Kamasi, miayo, jasho. Tumbo linaendesha. Miguu haitulii, ni kama ina wadudu ndani ya mifupa. Victor anasema malaria. Nilijipima mbele yake, hakuna malaria. Aliangalia kile kipimo, akaniangalia mimi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikuenda kanisani. Victor alirudi kutoka misa na koti la mvua limelowa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kulivua.

"Asio, ni nini?"

Nikamwambia. Si yote. Nilimwambia nilikuwa nameza zaidi ya nilizoandikiwa na sasa zimekwisha.

"Zaidi kiasi gani?"

"Mara mbili hivi."

Hata hapo nilipunguza. Maji yalikuwa yakidondoka sakafuni. Halafu akasema, "Mimi nilijua unaficha kitu. Nilidhani ni mtu." Akacheka kidogo, nami nikacheka, na ikaniuma mpaka kisigino.

Jumatano, 23 Aprili

Jasho limepungua. Uchungu 7. Nne tu. Nne za kweli.

Ijumaa, 25 Aprili

Uchungu 7. Nne. Nimevuka pabaya zaidi, najisemea hivyo. Lakini nimechoka kuumwa. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Jumapili, 27 Aprili

Mzee Opolot amefariki leo saa tisa alasiri. Nilikuwepo. Mama Apio alikuwa amemshika mguu, si mkono, kwa sababu alisema mguu ndio ulikuwa unapata baridi. Alipumua polepole, akaacha nafasi ndefu, akapumua tena, halafu nafasi ikawa ndefu zaidi ya zote. Uso wake haukukunjamana. Nimeona watu wengi wakifa, wachache hivyo.

Kabla watu hawajajaa uani Mama Apio alinifuata na ile chupa imefungwa kwenye leso. "Chukua hii. Hapa kuna wajukuu."

Tuliipima pamoja kwa kile kikombe kidogo, nikaandika kwenye kadi ya mzee: zimebaki mililita mia moja thelathini na tano. Akatia dole gumba. Sheria ni kwamba nairudisha kituoni, Robinson na shahidi wanaipima tena, inamwagwa, tunatia sahihi.

Jumatatu, 28 Aprili

Robinson yuko kwenye mkutano Busia mpaka Jumatano, na Alhamisi ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Ningeweza kumpa naibu wake. Nilijiambia ni afadhali nimsubiri Robinson mwenyewe.

Chupa iko kabatini kwangu, nyuma ya mashuka.

Uchungu 7. Nne.

Jumanne, 29 Aprili

Uchungu 8. Nne. Mvua kubwa. Chupa bado iko.

Jumatano, 30 Aprili

Mazishi ya Mzee. Nilisimama nusu saa halafu nikaenda kukaa kwenye shina la mti lililolala, na watu wakaniona nimekaa wakati wengine wamesimama kaburini. Mama Apio alinitazama kwa huruma. Uchungu 9. Nne. Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo.

Alhamisi, 1 Mei

Nitaandika polepole, na nitaandika yote.

Leo ni sikukuu lakini mpaka haufungwi, Victor alienda kazini. Saa tatu asubuhi nilifungua kabati kutafuta shuka. Huo ni uongo. Nilifungua kabati kutafuta chupa. Nikapima mililita tano, kipimo kidogo, kile ningempa mgonjwa mpya. Nikanywa nikiwa nimesimama. Ni chungu, wanaweka sukari lakini ni chungu.

Kwa dakika ishirini hakukuwa na kitu. Halafu kisigino kilinyamaza. Nilikuwa nimesahau kwamba kisigino kinaweza kunyamaza. Kikafuata goti, paja, kiuno. Nilikaa nikingoja irudi na haikurudi. Nikasimama. Nikainama kuokota kijiko sakafuni, nikakiangusha tena makusudi, nikainama tena.

Nilipiga deki nyumba yote. Nilitoka nje nikapalilia maharagwe mistari minne, tope mpaka kwenye vifundo, nikiimba nyimbo za kwaya za zamani. Jirani aliita kutoka upande wa pili wa ua, "Sista, leo umepona?" Nikamjibu, "Nimepona!" Uchungu 1. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: uchungu ulikuwa 1. Sitaki mtu aje kuniambia hii dawa haifanyi kazi. Inafanya.

Saa saba hivi nilikuwa nimekaa mlangoni nakunywa chai. Kiuno kikanigusa kidogo, kama mtu anakohoa nje kabla ya kubisha hodi. Haikuwa hata 3. Na mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa kabatini, kizibo kiko mkononi, kabla sijausikia huo uchungu vizuri.

Hapo niliogopa.

Nikaogopa zaidi kwa nilichofanya baadaye. Nilichukua chupa nikaenda nayo mpaka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Mililita tano za maji, nani angejua? Inamwagwa tu. Nilishika kata. Miaka kumi na saba nimesikia habari za wauguzi wa mahali fulani waliofanya hivyo, na kila mara nilisema, "Hao si wauguzi." Kata ilikuwa imejaa maji na mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Ule utulivu ulinishtua kuliko kama ungetetemeka.

Nikamwaga maji. Nikafunga chupa. Nikaifunga kwenye leso ya Mama Apio na kukaa nayo mapajani sebuleni, mlango wazi, mpaka Victor akarudi saa kumi na moja. Uchungu ulipanda wote, mmoja baada ya mwingine, 4, 6, 8, nikiwa nimekaa hapo.

Nilimwambia Victor yote. Kumi, kumi na moja, duka, chupa, kata. Nikampa hili daftari asome. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akarudia ukurasa wa kwanza.

"Utafukuzwa," alisema.

"Inawezekana."

"Si useme imemwagika?"

"Nikisema imemwagika leo, itamwagika tena."

Alichukua chupa kutoka mapajani mwangu, akasema atalala nayo upande wake, na kesho atanipeleka mwenyewe.

Ijumaa, 2 Mei

Victor alinishusha langoni, akanipa chupa, akasubiri pale pale.

Robinson alikuwa anasaini karatasi. Nikaweka chupa mezani. "Ya Mzee Opolot. Kadi inasema mia moja thelathini na tano. Humu kuna mia moja thelathini. Tano nilikunywa jana."

Aliendelea kusaini mstari mmoja zaidi, kalamu ikasimama. Akaenda kufunga mlango.

"Sista Asio. Ungeniambia imemwagika ningeandika imemwagika."

"Najua. Ndiyo maana sikungoja uniulize."

Akanyoosha mkono, nikampa funguo za kabati. Alizitazama kiganjani. Tumefanya kazi naye miaka sita, mke wake alijifungua mikononi mwangu.

"Lazima niandike barua kaunti," akasema.

"Andika."

"Unaweza kupoteza leseni."

"Robinson, mwezi uliopita nilipotea nikihesabu moyo wa mtoto. Andika tu."

Aliita shahidi, wakapima, wakamwaga. Mia moja thelathini. Nilitia sahihi mahali pangu.

Jumanne, 6 Mei

Sikuandika daftari la pili. Nilimpa Daktari Nerima hili hili.

Alisoma kurasa zote mbele yangu. Mara moja tu aliinua macho, alipofika kwenye kumi na moja. Alipomaliza alivua miwani.

"Unajua nilikupa amitriptilini kwa hesabu ya vidonge vinne?"

"Najua."

"Kumi na moja pamoja na hiyo, ungeweza kupata kifafa. Umesimama, una mtoto wa mtu mikononi. Unajua hilo?"

"Nalijua, daktari. Nilikuwa nalijua siku ile ile."

Alikasirika kweli, akatoka nje, nikasikia bomba la maji koridoni. Aliporudi hakuwa na hasira, au aliiweka mahali pengine. Akavuta kiti akaja upande wangu wa meza.

"Sasa tuanze. Unataka nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba tangu Alhamisi nawaza jambo moja, kama mofini ilinipa 1, kwa nini nisiandikiwe kihalali. Nikadhani ataniambia mwizi haandikiwi.

"Sikukatazi," akasema. "Ni dawa nzuri, na uchungu wako ni wa kweli. Lakini sikiliza. Mzee wako alikuwa na wiki. Wewe una miaka arobaini na tatu. Hii ya maji ni kila baada ya saa nne, mwaka huu na mwaka ujao. Kwa uchungu wa mishipa kama wako, ile 1 ya siku ya kwanza mara nyingi haikai. Inakuwa 4, tunaongeza kipimo, inakuwa 2, inarudi 4. Na umeniandikia mwenyewe hapa kilichotokea saa saba." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Kwa mtu mwingine ningejaribu. Kwako, leo, naogopa. Lakini mgongo ni wako. Niambie wewe."

Niliangalia kidole chake kwenye maandishi yangu. *Kabla sijausikia huo uchungu vizuri.*

"Nikibaki na tramadol?"

"Nne ulizofikia sasa, hapana zaidi, nawe unachukua hapa kila wiki, si za mwezi. Na tunaweza kukaa hapo hapo, au kushuka."

"Nikishuka uchungu utapanda."

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye watu wengi hukuta umerudi pale pale ulipokuwa, ila kichwa ni chepesi. Si wote. Sitakudanganya."

Tulikaa saa nzima. Tulikubaliana hivi. Kidonge kimoja kinapunguzwa kila wiki tatu, polepole. Amitriptilini inabaki. Mazoezi na kijana wa tiba ya viungo wa hapo kliniki kila Jumatano. Tunaacha kulenga sufuri. Lengo ni nisimame misa nzima bila kushika benchi, na nipalilie mistari miwili. Mwezi wa kumi na moja tunafungua tena hesabu yote, na mofini itakuwa mezani kama dawa nyingine. Hilo nililidai mimi. Sitaki kuikataa kwa aibu. Nikiikataa, niikatae kwa sababu.

Jumatano, 14 Mei

Uchungu 7. Nne. Mazoezi ya leo yamenifanya nimtukane kijana wa watu kwa Kiteso. Bahati nzuri yeye ni Mluhya.

Jumanne, 27 Mei

Tatu. Siku ya kwanza. Uchungu 8. Naenda kulala mapema.

Jumapili, 1 Juni

Tatu. Uchungu 7. Kusanyiko lilisimama kwa Injili, nikasimama. Benchi nililishika kwa kidole kimoja tu.

Jumatatu, 9 Juni

Nilifika mbele ya kamati Busia. Watu watano na bahasha. Waliuliza kwa nini nilijiripoti. Nikasema kwa sababu nilimwaga yale maji. Ikabidi niwaeleze maji gani, na mmoja wao, mama wa makamo, aliacha kuandika akanisikiliza.

Uamuzi: onyo la maandishi, sitagusa kabati la dawa za hatari wala kuhudumia wodi ya uzazi kwa mwaka mmoja, na niendelee na matibabu. Nimehamishiwa kliniki ya chanjo. Nimebaki na kazi. Nililia kwa ajili ya wodi. Miaka kumi na saba, na sikuaga hata kitanda.

Jumanne, 17 Juni

Mbili. Uchungu 6. Sijaelewa, naandika tu: vidonge viwili, uchungu 6. Machi ilikuwa vidonge kumi, uchungu 6.

Jumapili, 22 Juni

Kuna mtu mmoja nilikuwa sijamwambia. Baada ya misa nilienda kwa Mama Apio.

Alikuwa anapura maharagwe kwenye turubai, mvua imepungua wiki hii na kila mtu anawahi jua. Nilikataa kigoda. Nikamwambia nikiwa nimesimama: dawa aliyonikabidhi, ya mumewe, nilikunywa kipimo kimoja.

Fimbo ya kupuria ilibaki juu. Kisha akaishusha polepole.

"Wewe uliniambia haimfanyi mtu mwizi."

"Nilikuambia."

"Ulisimama hapo hapo mlangoni."

"Ndiyo, mama. Na kwa mzee ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimeanza kuficha zamani, kabla ya hiyo chupa."

Alirudi kupura. Alipiga yale maganda muda mrefu, kwa nguvu, mpaka punje zikaruka nje ya turubai. Sikujua kama amenifukuza. Nikaanza kuokota zile zilizoruka, nikiinama kwa goti kama nilivyofundishwa, moja moja.

Hatimaye akatupa fimbo, akafuta uso na leso.

"Unamjua Roselida, wa karibu na kinu? Mama yake ana saratani ya titi. Analia, sisi huku tunamsikia. Robinson amekuja mara mbili na hiyo dawa, Roselida amekataa. Anasema mama yake atakuwa mraibu."

"Mimi sibebi dawa siku hizi."

"Si nimesema ubebe? Nimesema twende. Mimi nilienda peke yangu, akaniambia, wewe umezika, utajua nini." Alikuwa tayari anavaa viatu. "Wewe unaijua kwa mgonjwa na unaijua kwa tumbo lako. Twende umwambie pande zote."

Ni mwendo wa dakika ishirini, kwangu thelathini na tano. Mama Apio alitembea mbele, na kila nilipobaki nyuma alisimama bila kugeuka, akangoja. Uchungu 7.

Tulimsikia mgonjwa kabla ya kuona nyumba. Roselida alitoka amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu, akaona sina sare, akaona Mama Apio ananisukuma mbele.

"Sista, nimeshasema sitaki. Wewe ungempa mama yako?"

"Ningempa leo hii."

"Na wewe? Ushawahi kuinywa?"

Nilishika mwimo wa mlango nikajishusha kwenye ngazi yao, polepole, mpaka nikakaa.

"Nilikunywa siku moja, na haikuwa yangu," nikamwambia. "Kaa hapa nikueleze."

Roselida akakaa.